Mnandi, mbizi au buabua? Kusoma picha mbaya ya ndege wa ziwani

Simama Capri Point, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, saa kumi jioni, elekeza simu kwenye miamba ya upande wa kisiwa cha Saanane, mpige picha ndege mweusi aliyetua juu ya jiwe mita 100 kutoka ulipo. Kwa macho unamwona vizuri tu. Kwenye picha amebaki kidoa. Ukikivuta kwa vidole viwili kidoa kinanenepa, lakini hakikuambii lolote jipya.

Hesabu yake ni hii. Kamera kuu ya simu nyingi hutoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 (pikseli ni vile vinukta vinavyounda picha), na lenzi yake ni pana: kwa umbali wa mita 100 inameza karibu mita 140 za ziwa kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Kila mita ya ziwa imegawiwa pikseli kama 28. Mnandi mkubwa, mwenye urefu wa sentimita 90, anapata pikseli 25. Mnandi mdogo, wa sentimita 52 hadi 55, anapata 15. Buabua wa sentimita 23 anaambulia sita. Picha hiyohiyo ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hushushwa hadi pikseli 1,600 hivi, na yule mnandi mkubwa anafika kwa mwenzako akiwa na pikseli kumi, na tarehe na mahali picha ilipopigwa vimeshafutika njiani.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu cha ndege, hesabu pikseli. Chini ya kumi, taja kundi tu kisha unyamaze. Kati ya 15 na 30 unaweza kusoma umbo la jumla: mkia, shingo, mkao. Ukifika 100 mdomo unaanza kusema. Rangi ya jicho na ya miguu ni mambo ya pikseli 300 kwenda juu, na hata hapo kwa masharti. Mwenye kamera yenye lenzi ya mm 400 na kihisio (kipande kinachopokea mwanga) kikubwa chenye upana wa pikseli 6,000 yuko dunia nyingine: kwa mita 100 picha yake inachukua mita tisa tu za upana, mnandi mkubwa anapata pikseli 600, na hata akiwa mita 500 bado anabaki na 120. Wengi wetu hatuna lenzi hiyo, na andiko hili ni la sisi wa simu.

Neno moja kuhusu majina. Kiswahili kina majina mazuri ya makundi: mnandi, mbizi, shakwe, buabua, yangeyange, mwari, mdiria. Kwa spishi mojamoja majina hayajatulia, kila mwandishi ana yake, kwa hiyo penye utata nitaweka jina la kisayansi.

Weusi watatu wa kwenye miamba

Hapa Mwanza swali linalorudi kila wiki ni la ndege weusi. Wako watatu: mnandi mkubwa (Phalacrocorax lucidus), mnandi mdogo mwenye mkia mrefu (Microcarbo africanus) na mbizi (Anhinga rufa). Wote wanapiga mbizi kutafuta samaki, wote wanatua kwenye mawe yaliyopakwa chokaa ya kinyesi chao, na wote hutandaza mabawa juani ili yakauke. Mtu akikwambia "alikuwa ametandaza mabawa, kwa hiyo ni mbizi", hajakwambia kitu.

Tatizo la kwanza ni ukubwa. Mawe ya Mwanza hayana kipimo. Kwenye picha, jiwe la ukubwa wa meza na jiwe la ukubwa wa nyumba yanafanana kabisa, hivyo ndege aliye peke yake juu ya jiwe hana urefu wowote unaoweza kuutetea. Tafuta kitu chenye kipimo kinachojulikana na kilicho umbali uleule: boya la nyavu, ubao wa mtumbwi, au ndege mwingine usiye na shaka naye. Yangeyange mdogo mwenye mdomo mweusi ana sentimita 55 hadi 65. Akisimama jiwe moja na mnandi, na mnandi akawa na kiwiliwili kizito kumzidi sana, huyo ni mkubwa. Akionekana kama mdogo wake, ni yule wa mkia mrefu. Sharti ni jiwe moja kweli. Ndege wawili walio bega kwa bega kwenye picha wanaweza kuwa wameachana mita 40 kwa kina. Angalia maji yanapogusa mawe yao: kama mistari ya maji iko kimo tofauti kwenye picha, umbali wao ni tofauti.

Usipopata kipimo, tumia uwiano, kwa kuwa uwiano haujali umbali. Mkia wa mnandi mdogo ni robo ya urefu wake au zaidi kidogo. Wa mnandi mkubwa ni kama sehemu moja ya sita. Kata picha, ikuze mpaka uone miraba ya pikseli, kisha hesabu kutoka ncha ya mkia hadi mahali mapaja yanapoanzia, na kutoka ncha ya mkia hadi utosi. Kwa ndege wa pikseli 15, mkia wa pikseli nne ni habari kamili. Mdomo wa mnandi mkubwa, wenye ndoana na urefu unaokaribia ule wa kichwa chake, ndiyo alama inayosifiwa vitabuni, lakini kwa mita 100 kwenye simu mdomo huo una pikseli mbili. Achana nao.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kidari cheupe. Ni kweli mnandi mkubwa wa huku ana koo na kidari cheupe akiwa mzima. Lakini mnandi mdogo mchanga naye ana tumbo la rangi hafifu, kahawia inayoelekea weupe, na jua la mchana likimpiga kwa mbele kamera inamfanya mweupe pe. Weupe peke yake hautoshi. Uwe pamoja na mkia mfupi, shingo nene na kiwiliwili kizito, hapo sawa.

Mbizi anajitenga kwa shingo. Ni nyembamba kama kamba, ina kikunjo katikati kinachoonekana hata ndege akiwa kidoa, na kichwa hakina unene: kinaishia kwenye mdomo uliochongoka kama sindano, usio na ndoana. Akiwa majini mara nyingi mwili wote umezama, imebaki shingo tu inayokwenda juu ya maji kama nyoka. Minandi nao huogelea wakiwa wamezama sana, ila mgongo huonekana na mdomo huinuliwa kidogo juu. Akiruka, mbizi ni msalaba: shingo mbele, mkia mrefu uliofunguka kama feni nyuma, mabawa yamenyooka. Hupiga mabawa mara chache halafu anateleza, na mchana hupanda juu kwa kuzunguka kwenye hewa ya moto. Mnandi hupiga mabawa mfululizo. Ukiona ndege weusi kumi kwenye mstari mmoja wakikata ghuba kuelekea mialoni, samaki wanakoshushwa, wote wakipiga mabawa, mara nyingi ni minandi wakubwa.

Ubaya ni kwamba mwanga unaweza kumgeuza mnandi kuwa mbizi. Ghuba ya Mwanza iko magharibi ya mji. Ukiwa upande wa mjini, kuanzia mchana unapiga picha ukilitazama jua, na maji nyuma ya ndege yanang'aa. Mwanga mkali nyuma ya kitu cheusi hula kingo zake: shingo inakonda, mdomo unakonda zaidi, miguu inapotea. Mnandi mkubwa mwenye shingo nene anatoka kwenye picha akiwa na shingo ya mbizi. Kinyume chake hutokea kwa ndege mweupe juu ya maji meusi. Mwanga wake humwagika nje ya kingo na anavimba. Kila unapotaka kuamua kwa unene, uliza kwanza nyuma ya ndege kulikuwa na nini. Kwa mtu wa mjini asubuhi ndiyo saa yake, jua likiwa mgongoni. Aliye ng'ambo, Kamanga, asubiri jioni.

Buabua: wadogo wanaosumbua kweli

Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Aprili ziwa hupata wageni wengi kutoka Ulaya na Asia, na miongoni mwao buabua mwenye mabawa meupe (Chlidonias leucopterus) ndiye anayekuja kwa makundi makubwa. Huwaona wakielea juu ya vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi, wakishuka na kudokoa bila kuzama. Pamoja nao huwapo buabua mwenye sharubu (Chlidonias hybrida). Nje ya msimu wa kuzaa wote wawili ni kijivu juu na weupe chini. Watu waliobobea bado wanagombana juu yao.

Kama picha imemshika ndege kutoka juu au ubavuni, tazama sehemu moja tu kwanza: mgongo wa chini, pale unapoungana na mkia. Mwenye mabawa meupe ana weupe pale, na weupe huo hukatiza kati ya kijivu cha mgongo na kijivu hafifu cha mkia. Mwenye sharubu ana kijivu kimoja kuanzia mgongoni mpaka mkiani, bila mkato. Mkato huo unavumilia ukungu mwingi. Kinachouua ni jua la saa sita likimpiga kwa juu, kwani hapo kijivu chote kinakuwa cheupe.

Alama ya pili ni kichwa. Mwenye mabawa meupe ana doa jeusi linaloshuka nyuma ya jicho, kama mtu aliyevaa vipokea sauti vya masikioni. Mwenye sharubu ana mstari mweusi unaotoka jichoni kwenda kisogoni, kama aliyefunga kitambaa. Kwenye picha mbovu tofauti hiyo hubaki hivi: doa lililo chini ya usawa wa jicho, au ukanda ulio usawa wa jicho na kurudi nyuma. Mwenye sharubu pia ana mdomo mzito kidogo na mwili mpana, lakini hili lifae kuthibitisha tu, lisiamue.

Aprili hali huwa rahisi kwa muda mfupi. Mwenye mabawa meupe anapobadili manyoya kabla ya kuondoka, mwili na upande wa chini wa mbele wa bawa huwa mweusi kabisa, na picha ya kutisha kwa ubovu bado itamtoa. Mwenye sharubu aliyevaa nguo za kuzaa ana tumbo la kijivu kizito, kofia nyeusi na shavu jeupe kati yake. Picha ikionyesha mstari mweupe uliobanwa kati ya weusi wa juu na kijivu cha chini, umempata.

Buabua mkubwa wa mdomo mnene, Gelochelidon nilotica, ana sentimita 35 hadi 38 na mara nyingi huitwa shakwe kimakosa. Mdomo wake ni mweusi na mfupi, mkia una mpasuko mdogo, na mabawa ni marefu yaliyochongoka. Shakwe ana bawa pana lenye ncha butu zaidi, na akikunja mkia haonyeshi mpasuko wowote.

Kuna mwingine anayeingia kwenye folda ya buabua bila kualikwa: mdiria mweusi-na-mweupe. Naye huelea hewani juu ya maji akitafuta samaki, na kwa pikseli kumi ni kitu cheupe chenye weusi. Mkao unamuumbua. Mdiria akielea mwili wake husimama karibu wima, kichwa kikubwa, mdomo mrefu umeelekea chini moja kwa moja, mabawa mafupi na ya mviringo. Buabua akielea mwili hubaki umelala na mabawa ni marefu kuliko mwili mzima.

Shakwe wa mwaloni

Pale Kirumba Mwaloni na popote dagaa wanapoanikwa, shakwe wengi ni wa kichwa cha kijivu (Chroicocephalus cirrocephalus), ambaye huzaliana Afrika. Kofia ya kijivu huonekana wakati wa kuzaa tu, na kwenye picha yenye ukungu hupotea hata ikiwapo. Anachanganywa na shakwe mwenye kichwa cheusi (C. ridibundus), mgeni wa miezi ya Ulaya ya baridi, ambaye kipindi hicho kichwa chake si cheusi; kimebaki na doa tu nyuma ya jicho. Shakwe mchanga wa kichwa cha kijivu naye ana doa hilo. Usitegemee kichwa. Mngojee afungue bawa: mwenye kichwa cheusi ana ukanda mweupe unaokwenda kwenye ukingo wa mbele wa bawa mpaka karibu na ncha, na weusi umebaki mstari mwembamba nyuma yake. Wa kichwa cha kijivu ana ncha nyeusi pana yenye vidoa vyeupe ndani yake, na chini ya bawa ni kiza cha kijivu. Hata picha ikitikisika, ncha nyeusi pana inabaki nyeusi.

Shakwe mkubwa mwenye mgongo wa kiza (Larus fuscus) ni mgeni pia, ana mabawa ya mita 1.24 hadi 1.5, na ukimweka kando ya wa kichwa cha kijivu hakuna mjadala. Akiwa peke yake dhidi ya mwanga, ndipo watu wanapomwona kila mahali. Kagua kichwa chake: kwa ndege mzima kichwa ni cheupe. Kama mgongo umetoka wa kiza na kichwa nacho kimetoka cha kiza, basi giza hilo ni la kivuli, halikutoka kwenye manyoya. Wachanga wake ni kahawia mwili mzima, na kwao ukaguzi huu haufai, tumia ukubwa.

Yangeyange niwapitie haraka, maana kwao miguu na mdomo ndiyo yote na simu haivioni. Mkubwa (sentimita 85 hadi 100) ana shingo ndefu kuliko kiwiliwili, yenye kona kali. Yule wa kwenye migongo ya ng'ombe ni mnene, shingo fupi, kidevu kama kimevimba. Wa kati na mdogo, ukiwa huna rangi ya mdomo, waandike yangeyange. Mwari ni rahisi akiruka: mweupe mkubwa ana manyoya ya kurukia meusi yanayokatana kabisa na weupe wa mbele ya bawa, yule mwenye mgongo wa waridi ni kijivu kwa kijivu.

Makosa ya picha yanayozaa spishi mpya

Kuanzia saa nne asubuhi hewa juu ya maji na mawe huanza kucheza. Picha haionekani mbovu kwa ujumla, ila ndege wa mbali anarefuka kwenda juu, shingo inapinda pasipopinda, na mdomo unagawanyika. Ukiona ukingo wa maji au wa mtumbwi nao una mawimbi, usiamini umbo la ndege kwenye fremu hiyo. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake, haiondoi tatizo hili. Kusogea karibu au kuja mapema ndiko kunakoliondoa.

Kutikisika ni jambo jingine. Humvuta ndege kuelekea upande mmoja, kwa hiyo anakuwa mrefu upande huo na ncha za mabawa zinafutika. Kama kila kitu kwenye picha kimevutwa upande uleule, ni mkono wako au boti. Kama ni ndege tu, ni mwendo wake. Kwa anayeruka weka 1/1000 ya sekunde angalau, na kwa buabua 1/2000. Ukiwa ndani ya boti, 1/1000 hata kwa aliyetulia.

Halafu kuna simu zinazojifanya zina akili. Zikiona kidoa, programu yake hukinoa: huchora ukingo mkali, mara nyingi na mstari mweupe kuzunguka ndege mweusi. Mstari huo umewahi kusomwa kama ukanda wa shingo au shavu jeupe. Uulize hivi: je, mawe na matawi nayo yana mstari huo? Kama yanao, umechorwa na simu. Zima uboreshaji ukiweza, au piga picha ghafi ambayo simu haijaigusa.

Kwa ndege mweupe shusha mwanga kwa 0.7 hadi 1 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera (EV) ili kijivu cha mgongo kisiungue. Kwa mweusi aliye dhidi ya anga, pandisha kwa 1. Piga fremu 15 au 20 mfululizo. Moja itakuwa na mkia, nyingine itakuwa na bawa lililofunguka, na alama isiyotokea zaidi ya fremu moja ichukulie kuwa ni ajali ya mwanga mpaka ithibitike.

Ukitaka maoni ya wengine, kata picha kwanza kumzunguka ndege ili ibaki na upana usiozidi pikseli 1,500, ndipo uitume, au itume kama faili badala ya picha. Pamoja nayo andika saa, ulikosimama, ulikoelekea, umbali wa kukadiria na alichokuwa akifanya ndege: alipiga mabawa mfululizo au aliteleza, alizama au alidokoa juu ya maji. Maneno hayo matano sita mara nyingi huamua kuliko picha yenyewe. Kwenye tovuti za kurekodi viumbe ulivyoviona, iNaturalist inaruhusu kuishia kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu), na eBird inaruhusu kuandika "buabua" bila spishi, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kukisia. Andika Chlidonias, bandika fremu zote, hata zile za aibu, maana yenye mkato mweupe wa mgongoni inaweza kuwa ndiyo uliyotaka kuifuta.